Konsoli ya mbao kwenye nyumba ya kisasa: uasili uweke kwenye viungo, sio kwenye nakshi

Swali: "Habari fundi. Tumehamia nyumba mpya, ya kisasa kabisa, kuta nyeupe, sakafu tailizi za kijivu, milango ya vioo yenye fremu nyeusi. Ukiingia tu kuna korido ya sentimita 120, hapo nataka meza ya konsoli, ya funguo na taa na kioo ukutani juu yake. Mi napenda mbao zilizotengenezwa kwa mkono kama za zamani, mume wangu anasema itaonekana tumehamisha kabati la bibi. Za kisasa nazo nikiziona ni chuma na ubao tu, kama meza ya maabara. Kuna kitu cha katikati? Nichague mbao gani, na nitajuaje kama fundi hajanidanganya?"

Asante kwa swali dada, na asante zaidi kwa kutaja vipimo, wengi wananitumia picha ya ukuta tu halafu wanauliza "itakaa?" kama vile macho yangu yana futikamba.

Nianze na shemeji na kabati lake la bibi, maana kiukweli hajakosea sana. Kinachofanya fenicha ionekane ya bibi mara nyingi sio mbao na wala sio kazi ya mkono, ni mapambo yaliyopandishwa juu ya umbo zito, miguu iliyokerezwa ikawa kama chupa, maua kila kona, vanishi nyekundu inayong'aa mpaka unajiona uso. Toa hayo yote, ukabaki na mbao yenyewe na namna ilivyoungwa, hapo huwezi kusema ni ya mwaka gani. Kwa hiyo mi nikitengeneza konsoli ya nyumba kama yako nafuata kitu kimoja tu: uasili naupeleka kwenye viungo, usasa naupeleka kwenye umbo. Meza inaungwa vilevile ambavyo seremala wa zamani angeiunga, ulimi na tundu, hakuna msumari, ila mistari yake imenyooka na miguu imekonda.

Na usidhani hii ni fasheni ya juzi. Konsoli zenyewe zina historia mbili ukiziangalia vizuri. Jina limetoka Ufaransa, lilikuwa jina la kile kishikizo kinachotokeza ukutani kubeba kitu juu yake, halafu karne ya 17 na ya 18 wakaanza kutengeneza meza za kubanwa ukutani kabisa, nyingi zina miguu ya mbele tu, juu marumaru, chini nakshi zimepakwa dhahabu, hizo ndo bibi wa kila kabati la bibi. Lakini Wachina wa enzi za Ming, yaani 1368 mpaka 1644, tayari walikuwa na meza ndefu nyembamba za kuegemea ukuta ambazo ukiileta moja leo kwenye sebule yako ya vioo hakuna atakayejua ina miaka mia nne, mistari safi, miguu imeingizwa ndani kidogo kutoka mwisho wa meza, na viungo vimekatwa kwa usahihi kiasi kwamba gundi ilikuwa haina kazi kubwa. Halafu kuna wale Shaker, jumuiya ya kidini iliyofika Marekani 1774, wao kupamba walikuwa wanaona ni majivuno, basi wakatengeneza meza za miguu minne inayopungua kadri inavyoshuka na droo moja, basi, na mpaka leo watu wananakili. Kwa hiyo ukimwambia fundi "nataka ya kiasili" hujamwambia kitu, asili ipi? Mwambie unataka viungo vionekane na nakshi zisiwepo, hapo ameshakuelewa.

Sasa vipimo, maana korido yako ndo itaamua mambo mengi kuliko roho yako inavyopenda. Ya kupitia watu acha angalau sentimita 90, kwa hiyo 120 toa 90 unabaki na 30, na hiyo 30 ni mpaka mwisho wa kitu kinachotokeza zaidi, kama droo ina kipini cha kutokeza sentimita 3 basi meza ni 27. Ndo maana mi kwenye korido huwa siweki kipini kabisa, nachonga ukingo wa chini wa uso wa droo vidole viingie, ni kazi ya patasi na randa ndogo tu na inaonekana ya kisasa kuliko kipini chochote cha kununua. Kimo kati ya sentimita 75 na 85, kwa kitu cha kuweka funguo ukiwa umesimama mi nasogea kwenye 82 hivi. Urefu usijaze ukuta mzima, theluthi mbili ya ukuta inatosha, nafasi tupu pembeni ndo inafanya macho yaone meza. Kioo kianzie sentimita 15 mpaka 20 juu ya meza.

Kitu kimoja watu wanasahau kila siku: skatingi. Ile kamba ya tailizi au mbao chini ya ukuta ina unene wake, sentimita moja na nusu, mbili, kwa hiyo miguu ya nyuma ikigonga skatingi, huku juu unabaki na mwanya kati ya meza na ukuta na funguo zinaanza kudondokea huko. Uso wa meza utokeze nyuma ya miguu kiasi cha unene wa skatingi, au mguu wa nyuma ukatwe kidogo pale chini. Pima ukaniambia, au mwambie fundi wako apime mwenyewe.

Haya, viungo, hapa naomba uvumilie kidogo maana ndo penyewe. Mguu na zile mbao zinazozunguka chini ya uso wa meza (sisi tunaziita mkanda) zinaungwa kwa ulimi na tundu, mwisho wa mkanda unachongwa ulimi, unene kama theluthi ya mbao yenyewe, unaingia kwenye tundu la mguu. Hiki kiungo kimekutwa kwenye fenicha za Misri ya kale kwa hiyo mtihani wake kilishafaulu zamani. Kwa kawaida kinajificha, ukimaliza huoni kitu. Lakini ukitaka konsoli yako iongee bila nakshi, mwambie fundi ulimi upite mpaka utokee upande wa pili wa mguu, halafu ukazwe na kabari, hapo kwenye mguu utaona kipande kidogo cha kichwa cha mbao kimezungukwa na nyuzi za mguu zinazoshuka wima, na kabari ikiwa ya mbao nyeusi kama mpingo unapata kistari kimoja cheusi kinachoitikia zile fremu nyeusi za milango yako. Hilo ndo pambo. Nne tu kwenye meza nzima, na kila moja inafanya kazi. Ila mwangalie fundi anavyoielekeza kabari, ikazie upande wa juu na chini wa tundu, yaani isukume kufuata nyuzi za mguu, akiiweka ikasukuma pembeni anapasua mguu kama anapasua kuni, nimeshaona kwa macho yangu na sauti yake huisahau.

Kwenye droo ni yale meno yaliyopanuka mwishoni, mafundi wengi wanaita doviteli, yanafanana na mkia wa ndege uliofunguka. Watu wanadhani ni urembo, hapana, droo kila ukiivuta unajaribu kuung'oa uso wake kutoka kwenye mbavu, na meno yakiwa yamepanuka kwa ndani hayawezi kuchomoka kwa kuvutwa hata gundi ikichoka. Ndo maana droo zilizopigwa misumari zinabaki mkononi uso peke yake baada ya miaka michache. Wewe acha yaonekane pembeni mwa droo, mtu hayaoni mpaka aifungue, na mi hiyo naipenda kuliko nakshi ya mbele.

Usichanganye sauti nyingi lakini. Nikikuta konsoli ina viungo vya kuonekana na mguu wa chuma na marumaru juu na taa za LED chini na nakshi kwenye droo, hiyo ni sokoni saa kumi na moja jioni. Chagua mbili. Kwako meza iwe mbao yote, na hizo mbili ziwe viungo vinavyoonekana na weusi mdogo wa kuitikia milango. Basi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakionekani na ndo kinaua meza nyingi, mbao inatembea. Hata ikauke miaka kumi bado inavuta na kutoa unyevu wa hewa, inapanuka na kusinyaa, na inafanya hivyo kwenye upana wake, sio kwenye urefu, urefu unaweza kuusahau. Chukua uso wa sentimita 35, mbao imepasuliwa kwa ubapa kama nyingi zinavyopasuliwa, unyevu wa mbao ubadilike kwa asilimia 4 tu kati ya msimu wa mvua na msimu mkavu au kati ya chumba cha kawaida na chumba cha kiyoyozi, mtiki utatembea kama milimita 2 na nusu, mwaloni mwekundu zaidi kidogo ya 5. Unaona ni kidogo eh? Sasa wewe umeubana huo uso kwenye mkanda kwa skrubu pande zote na gundi juu, hauna pa kwenda, utapasuka katikati tena usiku, paaa, mnadhani mwizi.

Hii najua kwa sababu nilishaifanya. Zamani sana nilimtengenezea mteja mmoja konsoli ya ubao mpana mzuri ajabu, nikaubana barabara kwa kujiamini, nikajiona fundi. Miezi mitano akanipigia, ufa umetoka mwisho mmoja mpaka katikati. Nikaenda nikalegeza skrubu zote, nikaupitishia ufa vipande viwili vya mbao vyenye umbo la kipepeo, vipana pembeni vyembamba katikati, vikaukamata usiendelee. Bahati nzuri mteja akavipenda kuliko meza yenyewe. Hao vipepeo ni ufundi wa zamani, na George Nakashima, seremala wa Marekani mwenye asili ya Japani aliyefariki 1990, aliwafanya wakajulikana kwenye fenicha za kisasa, yeye alikuwa anaziacha nyufa za mti kwa makusudi. Kwangu haikuwa makusudi, ilikuwa ni kosa.

Dawa yake ni rahisi: uso wa meza ushikwe kwa vishikizo vidogo vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji ndani ya mkanda, au skrubu zipite kwenye matundu marefu, ili uso ukitaka kusogea usogee. Wale Wachina wao walikuwa wanafanya fremu imara, halafu ubao wa katikati unakaa ndani ya mfereji bila gundi, unapumua humo humo bila mtu kujua. Ukimuuliza fundi "uso umeushikaje?" akakujibu "gundi na skrubu dada, hautoki huo", mshukuru uende kwingine.

Mbao gani. Na sakafu ya kijivu na kuta nyeupe unataka kitu chenye joto kidogo, kahawia ya asali mpaka kahawia ya kati, usiende kwenye wekundu mkali. Mtiki ni mtulivu, hautembei sana, ila una mafuta yake kwa hiyo kabla ya gundi unafutwa kwanza na asitoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) la sivyo kiungo kinaachia. Mninga nao ni mtulivu sana, wa kuchonga raha, rangi yake nzuri. Mvule ni mzuri ila una tabia ya kuficha vijiwe ndani, chokaa iliyoganda, randa ikikutana nacho unanoa upya. Mwaloni na wolnati ziko sawa kabisa, mwaloni ndo unaotembea zaidi kwa hiyo yale ya vishikizo yazingatiwe mara mbili. Msonobari ni laini, funguo zitauchora wiki ya kwanza, wengine wanapenda hizo alama, mi pale mlangoni siupendekezi. Kuliko jina la mti mi naangalia ukavu, mbao ya ndani ya nyumba iwe na unyevu kati ya asilimia 6 na 12 kutegemea hewa ya kwako, na kuna kimashine kidogo cha kupimia, fundi anayejiheshimu anacho. Mbao iliyonunuliwa jana ikiwa mbichi hakuna kiungo kitakachoiokoa.

Huo weusi nilioutaja, kuna njia ya kizamani ambayo inatoa kitu cha kisasa kuliko rangi ya kopo. Loweka sufi ya chuma ndani ya siki siku kadhaa, hayo maji ukiyapaka kwenye mwaloni unageuka mweusi mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kinakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao. Rangi inakuwa ndani, nyuzi bado unaziona. Mbao isiyo na tanini nyingi kama msonobari unaipaka kwanza majani ya chai yaliyochemshwa makali, ikikauka ndo unapaka yale maji. Unaweza kufanya miguu tu iwe myeusi na uso ubaki na rangi yake, hapo hata chuma huhitaji tena. Kitu hicho hicho lakini kikikosewa ni balaa, skrubu za chuma cha kawaida kwenye mwaloni wenye unyevunyevu zinaacha madoa meusi kuzunguka kichwa, tumia za shaba au za chuma kisichopata kutu.

Kumalizia, mafuta, yasing'ae. Mafuta ya kitani au ya tung, makoti membamba, kila koti unafuta yaliyobaki juu. Yakikwaruzwa unapitisha msasa laini hapo hapo na mafuta kidogo, vanishi ngumu ikikwaruzwa ni kuanza upya meza nzima. Ila matambara yaliyofutiwa mafuta ya kitani yasikunjwe yakatupwa pembeni, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti, sitanii, yatandazwe nje yakauke au yalowekwe kwenye maji kwanza.

Kuhusu kudanganywa. Piga magoti, angalia chini. Juu kila mtu anapaka vizuri, chini ndo kuna ukweli. Ubao wa kweli, mistari unayoiona juu inaendelea kwenye ukingo na kichwani unaona vichwa vya nyuzi, duara za mti zimekatwa, kama mistari ya juu inaishia ghafla kwenye ukingo na ukingo una mistari yake mingine basi hiyo ni ngozi nyembamba ya mbao imebandikwa juu ya MDF au chipubodi, yaani mbao za unga au vipande vya mti vilivyogandishwa kwa gundi. Sio dhambi, venia nzuri, yaani hiyo ngozi nyembamba, ni kazi ya heshima na haipasuki kirahisi, dhambi ni kukuuzia kama mbao nzima, na MDF ya kawaida ikilowa mara kwa mara pale unapopigia deki inavimba haivimbuki tena. Halafu angalia doviteli, za mkono zinatofautiana kidogo kidogo na utaona kimstari chembamba cha alama ya kupimia, zikiwa zote sawasawa kama za muhuri ni mashine, nayo sio mbaya, jua tu unalipia nini. Na ule "ulimi" unaotokeza kwenye mguu, kuna watu wanachimba kishimo wanabandika kipande cha mraba, uongo mtupu. Ulimi wa kweli ukiuangalia usoni unaona kichwa cha mbao, ukiona nyuzi zimelala kwa urefu hicho ni kiraka.

Droo iwe moja au mbili, zisijae upana wote. Chini rafu moja inatosha na isiwe na vitu vingi. Kama taa itakaa juu, toboa tundu la sentimita 6 nyuma karibu na mguu plagi ipite, waya ushuke nyuma ya mguu, hamna kinachoharibu kazi ya mkono kama waya mweupe unaoning'inia mbele ya ukuta. Na meza ya kina cha sentimita 30 yenye kimo cha 82 ni nyepesi kuanguka mbele, mtoto akivuta droo akaning'inia inakuja nayo, kwa hiyo vyuma viwili vya pembe ndani ya mkanda wa nyuma, skrubu ukutani, havionekani. Kwa pale ukutani tu tundu la skrubu kwenye mkanda liwe refu kidogo wima, skatingi na sakafu huwa hazijanyooka, utanishukuru siku ya kufunga.

Kabla fundi hajagusa msumeno fanya hivi: chukua maboksi, yapange yawe na urefu na kimo cha konsoli na kina cha sentimita 30, yabandike selotepu, yaache hapo koridoni siku tatu nne. Mtaishi nayo. Mwambie shemeji apite na sanduku la safari mkono wa upande huo, na apite usiku taa imezimwa, goti lake likigonga boksi zaidi ya mara moja nenda sentimita 25 na droo iwe fupi kwa ndani. Halafu nitumie urefu wa huo ukuta na unene wa skatingi, nikuchoree miguu.